Diorama yako ya kwanza: anza na watu, kifaru kitasubiri

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Morogoro, mwanafunzi wa chuo, aliniandikia: “Shikamoo kaka. Nimeona picha za wapagazi wako. Na mimi nataka kutengeneza diorama yangu ya kwanza, vita vya Kursk, vifaru sita vya Tiger. Ninunue nini kwanza?”

Marahaba mdogo wangu. Jibu fupi nilikupa siku ileile: usinunue kitu bado. Jibu refu ndilo hili, na naliweka hadharani kwa sababu najua hauko peke yako. Kila anayeingia kwenye kazi hii ya modeli za kijeshi na diorama, yaani kulijenga tukio zima kwa udogo juu ya ubao, anaingia na vita kubwa kichwani. Wote tunataka siku moja mtu asimame mbele ya kazi yetu asiweze kuondoka. Ila njia ya kufika huko haianzi na vifaru sita.

Tupige hesabu kwanza. Skeli ya 1/35, ambayo ndiyo wengi wetu tunaitumia, ilianzia Japani kwenye kampuni ya Tamiya, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Walitengeneza kifaru cha Panther cha plastiki chenye mota, wakakipa ukubwa wa kutosha betri ndani yake. Walipokuja kukipima wakakuta kiko karibu na sehemu moja ya 35 ya kifaru halisi, na dunia nzima ikafuata. Sasa chukua Tiger, kifaru cha Wajerumani: pamoja na mtutu wake ana mita 8.45. Gawanya kwa 35, unapata sentimita 24. Hicho ni kimoja. Uwanjani vifaru haviendi vimebanana. Ukiviachanisha mita 50 tu, umbali mdogo sana kwa tambarare za Urusi, mezani kwako ni karibu mita moja na nusu kati ya kifaru na kifaru. Meza hiyo huna, na hata mimi sina. Utavibananisha vyote kwenye ubao mmoja, na mtazamaji ataona gereji, hataona vita.

Diorama ni tukio. Mmarekani Sheperd Paine, aliyefariki mwaka 2015, ndiye aliyewafungua macho vijana wengi wa kwao miaka ya 1970, kwa vipeperushi vyenye picha za diorama zake vilivyokuwa vinatoka ndani ya seti, yaani masanduku ya vipande vya modeli vya kuunganisha, za kampuni ya Monogram. Ukiziangalia kazi zake unagundua kwamba jicho linakwenda kwanza kwa watu, kisha linawafuata hadi kwenye chombo. Nilipolielewa hilo ndipo nilipoacha kutazama orodha za vifaru nikaanza kutafuta watu wangu.

Wangu niliwapata mjini. Kila asubuhi nashuka Posta, napita Mtaa wa Samora mbele ya Sanamu ya Askari. Iliwekwa mwaka 1927. Juu amesimama askari peke yake, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini. Wapagazi wapo pia, lakini wapo kwenye maandishi ya chini. Nimepita pale miaka mingi bila kusimama. Siku niliyosimama nikasoma hadi mwisho, sikurudi tena kwenye mawazo ya Ulaya. Vita Kuu ya Kwanza ilipiganwa Afrika Mashariki kuanzia 1914 hadi Novemba 1918, na mizigo ya majeshi ya pande zote mbili ilibebwa kwa vichwa na mabega ya watu, kwa sababu mbung'o walimaliza farasi na ng'ombe. Waliochukuliwa kubeba ni takriban watu milioni moja. Kwa upande wa Waingereza pekee waliokufa wanakadiriwa kukaribia laki moja, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Upande wa Wajerumani hakuna hata daftari kamili la kuwahesabu.

Na mzinga nilikuwa nao tayari. Meli ya Kijerumani Königsberg iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus pale Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ikaenda kujificha kwenye delta ya Rufiji, na ikamalizwa humo Julai 1915 na meli mbili za Waingereza, Severn na Mersey. Wajerumani wakaiopoa mizinga yake kumi ya milimita 105, wakaileta Dar es Salaam, wakaitengenezea magurudumu. Tangu hapo mizinga ya baharini ikawa inazunguka nchi kavu: Kahe, Kondoa Irangi, hadi kusini. Mzinga mmoja ulivutwa na mamia ya watu. Ukifika Mombasa, ingia Fort Jesus ukaone mmoja kati ya mizinga hiyo iliyobaki. Mimi niliweka kiganja juu yake na nikajua nitatengeneza nini.

Basi ushauri wangu wa kwanza ni huo: tafuta tukio linalokuhusu. Warusi na Wajerumani wa Kursk wana watu wao wa kuwatengeneza, wapo maelfu, wana vitabu, wana picha, wana seti za kila boli. Wapagazi hawana seti. Kampuni gani itakuuzia sanduku la wapagazi wanaovuta mzinga wa Rufiji? Ukitaka wawepo, lazima utengeneze kwa mkono wako.

Najua utasema mamia ya watu hawatoshi kwenye ubao. Kweli hawatoshi, wala hawahitajiki. Ubao wangu una sentimita 35 kwa 20. Mzinga umekaa kulia, gurudumu moja limezama kwenye tope hadi karibu na ekseli. Kamba mbili zinatoka mbele yake, wapagazi tisa wamezishika, na kamba zinaendelea hadi ukingoni mwa ubao na kukatika pale. Wengine wote wako nje ya ubao. Mtazamaji anamalizia mwenyewe, na anawaona wengi kuliko ambao ningeweza kuwatengeneza. Kwa hiyo ushauri wa pili: kata tukio lako kwa ujasiri. Chukua kipande kidogo chenye joto, mengine yaache ukingoni.

Mtutu nilioutaka ulikuwa na kipenyo cha ndani cha milimita 105 na urefu wa vipenyo 40, yaani mita 4.2. Kwenye 1/35 ni sentimita 12, na tundu la milimita 3. Nilizunguka na vipimo hivyo mfukoni hadi nilipouona kwenye meza ya fundi redio: antena ya kuvuta. Vipande vyake vinaingiana, kimoja chembamba kuliko kingine, na mitutu ya mizinga ya zamani inapungua unene kwa hatua hivyo hivyo. Nilikata kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo, nikaunganisha kwa supa gluu, nikapitisha msasa namba 400 kwenye viungo. Ni chuma halisi, kikipigwa rangi kina uzito wa macho ambao plastiki haina.

Magurudumu sikuwa na ramani yake. Nilichokuwa nacho ni picha za zamani, na ndani ya picha kuna watu. Mtu ndiye rula yako. Mkadirie mita 1.65, angalia gurudumu linamfika wapi, kifuani au begani, piga hesabu. Mtu huyohuyo kwenye 1/35 ana sentimita 4.7. Andika namba hiyo kwenye karatasi ubandike ukutani, kwa sababu kila kitu utakachotengeneza, ndoo, kamba, jani la nyasi, utakipima naye.

Sasa watu wenyewe, na hapa nakuomba usome taratibu.

Mtu anayevuta kitu kizito hasimami wima. Hilo kila mmoja anadhani analijua, lakini akikaa na waya na puti mkononi anatengeneza watu waliosimama wameshika kamba, kama wanapanga foleni. Mimi nilikwenda ufukweni Msasani alfajiri, wavuvi wanapopandisha mashua. Niliwaomba ruhusa nikapiga picha nikiwa nimechuchumaa pembeni, simu karibu na mchanga. Yaliyomo kwenye picha zile ndiyo yaliyonifundisha kazi. Kiwiliwili kimelala mbele kiasi kwamba kamba ikikatika mtu ataanguka kifudifudi. Kisigino cha mguu wa nyuma kiko juu, vidole vimechimba. Shingo imeinama, hakuna anayetazama mbele isipokuwa yule anayeimbisha. Na yule aliye karibu kabisa na chombo, yeye havuti kwa kifua. Amegeuka, anakitazama, mkono mmoja uko kwenye ubao wa mashua. Huyo nilimchukua kama alivyo, nikampeleka kwenye gurudumu langu lililozama.

Mifupa ni waya wa shaba wa kutandazia umeme, ule wa ndani, uliochunwa. Pinda waya kwanza, wapange wote kwenye ubao mtupu, watazame kwa siku kadhaa. Wakiwa waya tu wanatakiwa tayari wawe wanavuta. Kama hawavuti wakiwa waya, nyama haitawasaidia. Nyama ni puti ya epoksi ya fundi bomba, ile ya kukanda sehemu mbili. Inakauka haraka, kwa hiyo kanda punje ndogo, lowesha vidole, fanya mguu, pumzika, fanya mgongo. Sindano ya kushonea na kijiti cha meno vinatosha kuchonga. Kwa askari mmoja niliyemweka pembeni, mwenye kofia ya tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki, nilitumia sanamu ya seti ya Ulaya nikambadilisha kichwa na kofia. Ukifanya hivyo angalia uso wote. Pua ya Mzungu iliyopakwa rangi ya kahawia inaonekana mara moja, na inaudhi.

Rangi ya ngozi. Jamani, acheni rangi nyeusi! Nimeona kazi za watu wakubwa wa nje, wenye medali, na Mwafrika wao ni lami. Anza na kahawia iliyokolea, tia damu ya mzee kidogo. Kwa sehemu zinazopigwa na jua, mabega, mgongo, paji la uso, ongeza rangi ya udongo wa njano. Usiongeze nyeupe, nyeupe inaipausha ngozi inakuwa ya mgonjwa. Kwa vivuli, tone la buluu nzito ndani ya kahawia. Viganja na nyayo ni vyepesi zaidi, na kisigino kilichonyanyuka kinauonyesha unyayo, kwa hiyo usikisahau. Mwisho pitisha vanishi yenye kung'aa kidogo kwenye uti wa mgongo na mabega tu. Hilo ni jasho. Na kila mtu mpe rangi yake, mmoja mweupe kidogo, mwingine maji ya kunde. Watu tisa wa rangi moja ni watu waliotoka kiwandani.

Kazi ya msasa, praima na kusubiri sitaisimulia. Ipo, inachosha, utaifanya.

Ardhi nilifurahia kuliko nilivyotarajia. Vifaa vyote nilivipata Kariakoo, mahali ambapo Waingereza waliwaweka wapagazi wao baada ya kuuteka mji Septemba 1916. Sikuhitaji kuagiza majani ya plastiki kutoka nje. Nilinunua kamba ya katani. Katani ililetwa Tanga na Richard Hindorf mwaka 1893, kwa hiyo ni mzawa wa kipindi hichohicho. Ifumue kamba, kata nyuzi, funga vishungi vidogo kwa uzi, chovya kitako kwenye gundi nyeupe ya seremala, toboa tundu kwenye ubao uchomeke. Zikikauka ndipo uzipake rangi, kijani chini, njano juu, na chache ziache na rangi yake ya asili. Nyasi ya mita moja na nusu ni sentimita 4.3, inamfika mpagazi karibu na kidevu. Kwa takataka za chini nilitumia majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa na kukaushwa juani.

Udongo tumia udongo. Uchekeche kwa chujio la chai, kisha ukaange kwenye sufuria kavu hadi uache kutoa mvuke. Sisi wa Pwani tuna unyevu, na udongo mbichi ukifungiwa chini ya gundi utaota ukungu. Na uangalie wa wapi. Watu wengi wakisikia Afrika wanapaka nyekundu kila mahali. Tukio langu ni mapema mwaka 1917, kusini ya Rufiji, baada ya mvua kubwa kuifurisha nchi. Tope la bonde lile ni zito na la kijivu lenye weusi. Nililichanganya na gundi na jipsamu kidogo, nikalipaka kwa kijiko likiwa limelowa, nikalikandamizia gurudumu likiwa bado laini ili lenyewe lijichimbie njia. Nyayo za wapagazi pia zilikandamizwa hapo, kila mguu na shimo lake.

Kamba zilinitesa kuliko chochote. Kamba iliyolegea inaua diorama nzima, kwa sababu watu wote wale wanavuta hewa. Tumia uzi wa pamba wa kushonea viatu, uusugue kwa nta ya nyuki usiwe na manyoya. Mzinga ufungwe kwa skrubu kupitia ubao kabla ya kitu kingine. Kamba ifungwe kwenye mzinga, ivutwe hadi ipige mlio ukiigusa, ipitishwe kwenye tundu ukingoni na kukazwa kwa chini. Baada ya hapo ndipo mikono ya wapagazi iletwe kwenye kamba, vidole vifungwe juu yake kwa puti mbichi. Wengi wanafanya kinyume, wanaleta kamba kwa watu. Kamba ndiyo bwana, watu wanaifuata.

Sasa niseme la moyoni, maana vijana mtakutana nalo. Mwezi uliopita niliipeleka kazi hii kwenye maonyesho ya kazi za mikono hapa mjini. Mwenye kupanga meza aliitazama mara moja, akasema, “Hii peleka kule kwenye vitu vya kuchezea watoto.” Nikaipeleka. Iliwekwa kati ya magari ya mabati na madoli ya vitambaa. Hadi leo nikikumbuka linanichoma. Si kwa sababu ya magari ya mabati, ni kazi nzuri za watu. Linanichoma kwa sababu wanaume wale tisa wameinamisha vichwa chini ya mzigo ambao uliua watu wa ukoo wa nani sijui, labda wa kwake, na yeye akaona mchezo.

Lakini watu walikuja. Watoto ndio waliowaleta wazazi. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alivua miwani, akaivaa tena, akaniuliza kwa nini huyu wa mwisho hatazami mbele. Nikamweleza habari za mashua za Msasani. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia baba wa bibi yake alichukuliwa Songea na hakurudi, na nyumbani kwao hakuna picha wala kaburi. Alirudi mchana na wajukuu wake akawaeleza yeye mwenyewe, kwa kirefu kuliko mimi. Kufikia jioni watu walikuwa wamejipanga mbele ya ile meza ya watoto, na yule bwana akaja kuniuliza kama ningependa kuhamia ukumbi wa mbele. Nilikataa. Nilikuwa nimeshapata watazamaji wangu.

Kwa hiyo nawaambia wazi: msikubali kazi hii iitwe mchezo, na njia ya kutokubali ni kuifanya kwa heshima. Soma kabla ya kukata. Usiweke askari wa 1914 na kofia ya 1940. Usiweke damu na maiti ili watu washtuke. Vita imejaa mambo ya kuonyesha ambayo hayahitaji damu. Kama hujui sare, uliza, tafuta picha za makumbusho, linganisha tatu au nne. Bidhaa za bei hazitakupa hilo. Nimeona vijana wenye brashi za upepo na rangi chupa hamsini, na diorama hakuna. Mpagazi wa kwanza niliyemtengeneza ametokana na waya uliobaki kwa fundi umeme. Anza na watu. Nimeshasema, na narudia, anza na watu.

Mdogo wangu wa Morogoro, Tiger wako usimtupe, ipo siku utamjenga, tena mmoja, akiwa amekatika mnyororo, na mafundi wanne wanahangaika naye kwenye matope ya Julai 1943. Ila kwa sasa upo mjini ambako reli ya kati ya Mjerumani inapita, na milima ya Uluguru ambako majeshi yale yalipita mwaka 1916 unaiona dirishani. Jumamosi hii chukua daftari utoke. Tafuta watu wanaobeba, wanaosukuma mkokoteni, wanaoinua gunia, wachore au wapige picha kwa ruhusa yao, kutoka pembeni, chini kabisa. Nunua nusu mita ya waya. Pinda watu watatu wa sentimita 4.7 kila mmoja, wapange kwenye kipande cha plaiwudi, unitumie picha kabla hujaweka puti. Nitakuambia nani havuti.

Na tafuta boksi la kubebea mapema, kabla ya kumaliza. Langu nilitengeneza kwa plaiwudi, ubao wa diorama unaingia kwa kuteleza kwenye mifereji pembeni, skrubu mbili zinaushika kwa chini. Daladala ya Mbagala imeutikisa vya kutosha na nyasi zote bado zimesimama.